Jina la Mtunzi: historia ya matusi yanayosafiri, kutoka swichibodi ya 1935 hadi Masalani

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Sababu ya kwanza ni kazi, ya pili ni mada hii hii, ambayo nimeianza na kuifuta mara nne. Nyinyi mliozoea kusoma hapa mambo ya PHP, hifadhidata na namna ya kufufua tarakilishi iliyokata roho, leo mnivumilie, maana nataka kuongea historia. Kodi itakuwemo (kodi ya programu, si ile ya KRA) lakini kidogo tu, na si ya kujivunia.

Tuanzie karibu, halafu turudi nyuma. Tarehe 15 Oktoba 2025, siku ile ile Wakenya walipopata habari za kifo cha Raila Odinga, Rais William Ruto alitia saini marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni. Kifungu cha 27, kile cha unyanyasaji wa mtandaoni, kiliongezewa maneno machache tu: kosa likagusa pia mawasiliano yanayoweza kumfanya mtu ajiue. Wiki moja baadaye, tarehe 22, Mahakama Kuu ikazisimamisha kwa muda sehemu za kifungu hicho, baada ya mwanamuziki Reuben Kigame na shirika la KHRC kwenda kortini. Walisema maneno yake ni mapana mno, kwamba serikali itayatumia kuwafunga midomo wakosoaji.

Rafiki zangu wa kazini karibu wote walishangilia amri ya mahakama. Na mimi nilishangilia. Halafu nikamkumbuka binti mmoja wa kwetu, nikafunga kompyuta nikatoka nje.

Kwa wasiotujua, Ijara iko kusini kabisa mwa kaunti ya Garissa. Magharibi tuna Mto Tana, kusini tuna Lamu, upande wa pili kuna msitu wa Boni na mpaka wa Somalia. Mji wetu mkubwa ni Masalani. Mtu wa Nairobi akisikia Garissa hudhani tunaishi juu ya mchanga mtupu. Kumbe kwetu kuna mto, kuna maembe, na kuna mbu wa kutosha na kubaki. Itaje Ijara kwa daktari wa mifugo, atakumbuka homa ya Bonde la Ufa ya 2006 na 2007. Itaje kwa watu wa wanyamapori, watakuambia habari za hirola wa Ishaqbini. Itaje kwa watu wa kompyuta... kimya!

Lakini liko jambo moja watu wa kwetu wanalijua tangu kabla ya waya na mnara: jinsi neno baya linavyosafiri.

Ayeeyo wangu hajui kusoma hata bango la dukani, ila kichwani ana mashairi ya kukesha nayo. Na mengi si ya mapenzi wala ya ngamia. Ni ya kutukanana. Wasomali wana misururu mizima ya mashairi ambayo mshairi mmoja anarusha, wa pili anajibu, wa tatu anaingilia. Mmoja uliotajika sana ni ule uitwao Guba, wa mwanzoni mwa karne ya 20, na jina lenyewe linatokana na kuunguza. Cali Dhuux aliwakejeli Waogaden katika shairi, Qamaan Bulxan akawa miongoni mwa waliojibu, na beti zikatembea mamia ya kilomita vichwani mwa watu. Hapakuwa na karatasi. Hati ya Kisomali yenyewe ilirasimishwa mwaka 1972 tu.

Sasa sikilizeni kilichonishika mimi kama mtu wa programu. Aliyehifadhi shairi la mtu mwingine alikuwa na masharti mawili. Kwanza, asibadilishe maneno. Pili, ataje ni nani aliyelitunga. Ukisimama mbele ya watu na kusoma beti kali bila kumtaja mwenyewe, umekosa adabu, na hata wewe utashukiwa. Yaani tusi lilisafiri na kichwa chake, kama barua pepe inavyobeba anwani ya aliyeituma. Yule aliyetukanwa alijua amjibu nani, na ukoo wake ulijua umwendee nani.

Sisemi ilikuwa bustani ya amani. Mashairi hayo yaliamsha vita na watu wakafa. Nasema tu kwamba hakuna aliyetukana akiwa amejificha.

Kaseti zilipoingia, mtindo ukaendelea. Mwishoni mwa miaka ya 1970, ule msururu wa Deelley alioanzisha Gaarriye ulisambaa Somalia kwa kunakiliwa kaseti hadi kaseti, na majina ya washairi yakisikika humo ndani. Hata majirani zetu wa Lamu katikati ya miaka hiyo walikuwa na Kimondo, yale mashairi ya uchaguzi yaliyorekodiwa kwenye kanda na kuchezwa barazani, kambi moja ikiichoma nyingine. Kanda huwezi kuizuia, lakini ina sauti ya mtu, na Lamu ni mji mdogo. Kila mmoja alijua ile ni sauti ya nani.

Haya, tuvuke bahari kidogo.

Mwaka 1935 Bunge la Uingereza lilirekebisha sheria ya Posta. Wakati ule simu haikuunganishwa na mashine kila mahali. Nyingi zilipitia kwa wasichana waliokaa mbele ya swichibodi wakichomeka nyaya. Walikuwapo wanaume waliopiga simu ili kuwatukana tu, kuwaambia machafu, kisha wanakata. Basi sheria ikafanya kuwa kosa kutuma kwa simu ujumbe wa kuudhi kupita kiasi, au usio na staha, au mchafu, au wa kutisha. Ukiniuliza mimi, ni sheria nzuri. Ilimlinda mtu aliyekuwa peke yake kazini, asiyeweza kuiweka simu chini kwa sababu kuipokea ndiyo mshahara wake.

Maneno hayo yakaanza safari yake. Yakahamia sheria moja ya Uingereza hadi nyingine, mpaka ile ya mawasiliano ya 2003. Na yakapanda meli. Kenya ilipotunga sheria yake ya mawasiliano mwaka 1998, kifungu cha 29 kikabeba maneno yale yale karibu yote, pamoja na ujumbe wa uongo wenye lengo la kuudhi au kutia wasiwasi. Adhabu: faini isiyozidi shilingi 50,000, au miezi 3 jela, au vyote viwili. Sasa fikirini, 1998 hapa kwetu... Masalani hakukuwa na simu ya mkononi hata moja. Kifungu kililala.

Kilichotuamsha Wakenya wote ni uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na katikati ya moto ule simu zikawa zinapokea esemesi za chuki: kabila fulani wafanyeni hivi, kabila lile lijiandae vile, na mwishoni, tuma kwa watu wengine. Zilikuwa bila jina la aliyetunga! Ndipo yale masharti mawili ya ayeeyo yalipovunjika hadharani, kwani aliyekutumia alikuwa ni binamu yako, naye katumiwa na mwenzake, na aliyeanza hayupo.

Serikali ilifikiria kuzima esemesi nchi nzima. Michael Joseph wa Safaricom na Bitange Ndemo, katibu wa wizara ya habari wakati huo, walishauri isifanyike hivyo, na badala yake Safaricom ikawatumia wateja wake kama milioni 9 ujumbe wa amani. Yaliorodheshwa majina ya watu kama 1,700 walioshukiwa kuchochea kwa simu. Mwezi huo huo wa Januari 2008 kina Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakaizindua Ushahidi, programu ya kukusanya ripoti za ghasia kwenye ramani. Sisi wanafunzi wa kompyuta wa baadaye tulifundishwa Ushahidi kama Wakristo wanavyofundishwa safina ya Nuhu. Na kweli ni kazi ya kujivunia.

Ila naona kwamba hapo ndipo tulipojifunza kuogopa kitu kimoja tu. Tangu 2008 mtu akisema maneno mabaya mtandaoni, Mkenya anafikiria kabila dhidi ya kabila. Tume ya Uwiano na Utangamano iliundwa kwa sababu hiyo. Mradi wa Umati, wa Ushahidi na iHub, ulioanza mwaka 2012 kuchunguza maneno ya chuki kuelekea uchaguzi wa 2013, uliajiri watu wa kusoma kurasa kwa Kiingereza, Kiswahili, Sheng na lugha zetu kadhaa, Kisomali kikiwemo. Kazi kubwa ile. Walichokuwa wakikitafuta ni maneno yanayoweza kuwafanya watu wa kundi hili wawashambulie wa kundi lile. Msichana mmoja anayechekwa na darasa zima si kundi. Hakuwa na safu katika jedwali lile.

Kisha ikaja tarehe 2 Aprili 2015.

Nilikuwa kidato cha tatu. Chuo Kikuu cha Garissa, wakati huo bado tawi la Chuo Kikuu cha Moi, kilivamiwa na Al-Shabaab alfajiri. Waliuawa watu 148, na 142 kati yao ni wanafunzi. Sitaeleza zaidi kwani wengi mnajua, na wapo wanaosoma hapa waliopoteza ndugu zao. Ninalotaka kulisema ni dogo ukilinganisha na msiba ule. Picha za maiti zilizunguka simu kwa simu kabla wazazi hawajapigiwa. Wapo watu waliokataa hilo, wakaanza kuandika majina na picha za vijana wakiwa hai, kila mmoja na ndoto yake, chini ya alama ya kwamba 147 si nambari tu (hesabu ilikuwa bado haijafika 148). Huo ulikuwa mtandao ukifanya jambo jema kwa mikono ile ile.

Na sisi Wasomali wa Garissa tukapata jina jipya. Nilipoingia chuo kikuu nje ya kaunti, miaka michache baadaye, darasa lilikuwa na kundi la WhatsApp. Kila Aprili alikuwepo wa kuniuliza "leo mnapanga wapi?" pamoja na kikatuni cha kucheka. Nilikuwa nacheka nao. Usipocheka unaambiwa umekasirika, na Msomali aliyekasirika... mnaelewa.

Mwezi ule ule wa Aprili 2015 kifungu cha 29 kiliamka kitandani. Geoffrey Andare, mtengenezaji wa tovuti kama mimi na wewe, alikamatwa kwa kuandika Facebook akimshutumu mtu mmoja kwamba anatumia nafasi za ufadhili wa masomo kuwadhulumu wasichana. Tazameni jinsi mambo yanavyopinduka! Maneno yaliyotungwa 1935 kuwalinda wasichana wa swichibodi sasa yakamshtaki mtu aliyedai kuwatetea wasichana. Andare hakukubali. Alikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 19 Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi akakitangaza kifungu cha 29 kuwa kinyume cha Katiba: maneno mapana, yasiyoeleweka mipaka yake, mtu hawezi kujua lini anavunja sheria. Februari 2017 kosa la jinai la kumharibia mtu jina nalo likafutwa katika kesi nyingine.

Nimesoma ile hukumu ya Andare mara nyingi na naikubali yote. Ninachouliza ni hiki: kifungu kilipoondoka, yule wa kwenye swichibodi alibaki na nini?

Sasa zamu yangu.

Mwaka wa pili chuoni, 2018, niliandika programu. Ilikuwa fomu moja ya PHP, jedwali moja la MySQL, na ukurasa wa kuonyesha yaliyoandikwa. Mwanafunzi yeyote anaingia, anaandika siri yake, siri inatokea kwa wote. Vyuo vingi vilikuwa na kurasa za aina hiyo Facebook, lakini mimi nilitaka ya kwangu, safi, isiyomfuatilia mtu. Jedwali lilikuwa na safu tatu tu: namba, maandishi, tarehe. Sikuhifadhi anwani ya kompyuta ya mwandishi. Nilizima hata logi za seva. Nilikuwa nimetoka kusoma habari za Cambridge Analytica na nikajiona shujaa wa faragha. Katika kurasa za mwanzo watu waliandika habari za njaa, karo, kupenda wasiopendwa. Wapo walioandika kwamba hawaoni sababu ya kuishi na wenzao wakawajibu vizuri usiku kucha. Nayasema haya ili msidhani nilijenga shimo la taka tangu siku ya kwanza.

Mwanzoni mwa 2019 mtu akaandika juu ya binti wa kwetu. Hakumtaja jina. Alitaja kozi yake, rangi ya hijabu anayopenda kuvaa, na neno Ijara. Tulikuwa wanafunzi wachache sana wa Ijara pale. Ungeweza kutuhesabu kwa mkono mmoja na kidole kikabaki. Habari yenyewe sitairudia. Ilidai ameonekana mahali fulani, usiku fulani, wikendi fulani.

Niliifuta baada ya saa sita hivi, nilipoamka. Usiku ule watu walikuwa wamekwisha kuichukua skrinishoti. Skrinishoti ikaingia WhatsApp, na siku ya tatu ilikuwa Masalani, dukani, kwa kinyozi, kwa watu wa bodaboda. Yeye mwenyewe alikuwa bado yuko chuoni hajui kwa nini kaka yake hapokei simu.

Alinijia. Tulikuwa tukiitana walaal, kama watu wa kwetu wanavyoitana ugenini. Hakulia. Aliniuliza swali moja, la kiufundi kabisa: "Walaal, wewe ndiye uliyetengeneza ile kitu. Ni nani aliyeandika?"

Nikamwambia sijui. Na ilikuwa kweli! Niliandika mistari ya programu kwa ustadi mkubwa ili nisijue kamwe. Akanitazama kama mtu anayetazama duka ambalo mwenyewe anasema hana funguo zake.

Wasomaji wa sheria wataniambia angekwenda polisi. Basi turudi kwenye tarehe, maana hapa ndipo historia inapouma. Sheria ya uhalifu wa mtandaoni ilitiwa saini na Rais Uhuru Kenyatta tarehe 16 Mei 2018. Chama cha Wanablogu wa Kenya, BAKE, kikaenda kortini, na tarehe 29 Mei vifungu 26 vikasimamishwa, kikiwemo cha 27 cha unyanyasaji na cha 37 cha kusambaza picha za siri. Vilikaa vimesimama mpaka tarehe 20 Februari 2020, Jaji James Makau alipoamua kwamba sheria ni halali. Kwa hiyo kile cha 29 kilikuwa kimekufa, kile cha 27 kilikuwa kimefungwa kamba, na yeye aliandikwa katikati. Kama ni programu ningesema aliangukia kati ya toleo la zamani lililozimwa na toleo jipya ambalo halijawashwa.

Sasa kisome kifungu cha 27 chenyewe, ukiwa na kahawa au chai ya maziwa ya ngamia karibu. Ni kosa ikiwa mawasiliano yanamtia mtu hofu ya kudhuriwa. Au yanamwathiri vibaya. Au hayana staha au yanaudhi kupita kiasi. Mmeyaona maneno ya mwisho? Ni yale yale ya 1935! Mahakama iliyafuta 2016 na Bunge likayarudisha 2018 likiwa limevaa suti mpya. Na faini imepanda kutoka shilingi 50,000 hadi milioni 20, na kifungo kutoka miezi 3 hadi miaka 10. Wakati huo huo mtu akisambaza picha ya siri ya mwenzake, kifungu cha 37, faini haizidi 200,000 na kifungo hakizidi miaka 2. Yaani kumwudhi mtu ni mara mia ghali kuliko kuusambaza mwili wa mtu. Ukijiuliza ni nani hasa huogopa "kuudhiwa" mpaka aweke bei hiyo, utaelewa kwa nini BAKE walikimbilia kortini.

Na hata hivyo ndani ya kifungu hicho hicho kuna aya ambayo wanaharakati hawaitaji sana. Aliyenyanyaswa anaweza kuiomba mahakama imwamuru mtu aache, ombi linaweza kusikizwa hata nje ya saa za kazi, na mahakama inaweza kumwagiza mtoa huduma atoe habari za kumtambua aliyefanya. Hiyo ndiyo aya aliyokuwa akiihitaji. Ila hebu jiulizeni wangemwagiza nani. Mtoa huduma ni mimi, na jedwali langu lilikuwa na safu tatu.

WhatsApp nao walifika kwenye kona hiyo hiyo wakati ule ule, kwa njia ya damu. Baada ya watu kuuawa India kwa sababu ya uvumi, Julai 2018 waliweka alama ya kuonyesha kwamba ujumbe umepitishwa. Januari 2019 wakapunguza idadi ya kupitisha kwa mara moja hadi gumzo 5 dunia nzima, na Aprili 2020 ujumbe uliopitishwa mno ukaruhusiwa kwenda gumzo 1 tu. Wakasema ujumbe wa aina hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Nawapongeza. Lakini ile alama inakuambia neno limesafiri, haikuambii limetoka kwa nani. Na skrinishoti haina hata alama hiyo. Ikipigwa upya kila kitu kinaanza sifuri.

Siwalaumu kirahisi. Siku hizi kazi yangu ni mifumo inayolinda siri za watu na najua mtu wa Garissa anayeikosoa serikali anavyohitaji kufichwa. Ukiweka jina kwenye kila ujumbe, wa kwanza kukamatwa atakuwa Andare mwingine. Nimekaa na tatizo hili miaka na sijapata muundo wa jedwali unaomlinda Andare na kumlinda binti yule kwa pamoja. Nilichobadilisha ni kidogo. Sijengi tena ukurasa ambao neno juu ya mtu linatokea kabla mtu mwingine hajalisoma, na sijengi tena kitu ambacho nitaambiwa "ni nani?" nikawa sina hata pa kuanzia. Mwenzangu mmoja anasema huo ni udhibiti. Labda.

Nyumbani mambo yaliamuliwa kwa njia ya nyumbani. Wazee walikaa chini ya mti, maslaha ikafanyika. Mmojawapo wa vijana waliosambaza skrinishoti pale Masalani alitambuliwa, ukoo wake ukaomba radhi kwa ukoo wa binti, kitu kikatolewa, Fatiha ikasomwa. Kwa ng'ombe aliyekula shamba la mtu, maslaha inafanya kazi haraka kuliko korti ya Garissa, tena Masalani hadi Garissa mvua ikinyesha usiniulize. Kwa jambo kama hili, waliopatana ni wanaume wa pande mbili. Binti hakuitwa. Baba yake, ambaye namwita adeer na ambaye kwa kweli alikuwa amevunjika moyo, alisema tu kwamba jambo limekwisha na masomo yatasubiri. Yakasubiri mwaka mmoja na nusu.

Mwaka 2024 UNFPA na kituo cha Collaborative Centre for Gender and Development walitoa utafiti juu ya vijana wa vyuo vya Nairobi: karibu asilimia 90 walikuwa wameshuhudia ukatili wa aina hii kwa njia ya teknolojia, asilimia 39 umewapata wenyewe. Nilipousoma sikushangaa. Nilitafuta tu mahali wanapohesabiwa wale ambao waliacha chuo wakarudi kwao, maana ukiwafanyia utafiti waliopo darasani, waliotoka hawapo.

Kabla ya kuandika haya nilimtafuta, kupitia kwa kaka yake kwanza kama inavyopasa, halafu yeye mwenyewe. Alimaliza masomo, chuo kingine, na ana kazi. Nilimsomea yote kwa simu. Alinikatiza mara mbili kurekebisha tarehe. Aliniambia niondoe mstari mmoja ambao ungemtambulisha, nimeuondoa. Nilimwuliza kama anaunga mkono kifungu cha 27 au anakipinga, akasema hilo ni swali la watu wa Nairobi.

Kisha akasema, "Umeandika wino mwingi juu ya nani aliyeandika. Mbona hujaandika kama ni kweli au si kweli? Hakuna aliyewahi kuniuliza. Wazee hawakuuliza. Wewe hukuuliza."

Ni kweli, sikumwuliza. Miaka yote hii.

Basi naandika, na jina langu mnalijua. Haikuwa kweli. Wikendi ile hakuwepo hata chuoni. Alikuwa Masalani akimwuguza bibi yake, na tikiti ya basi ya kurudi anayo mpaka leo.